Krimu Iliyomfikia Mtoto Bila Kupakwa

Saluni ya Mng'aro ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Ilikuwa na viti viwili, kioo kirefu na kikausha nywele chenye kelele. Jina hilo alipewa na wateja, kwa jinsi uso wake ulivyong'aa. Kila aliyekaa kitini aliuliza, "Mwenzetu, unapaka nini?" Naye akauza. Uso wake ulikuwa tangazo tosha.

Kila asubuhi alifanya vilevile. Alifungua jokofu, akatoa kopo la krimu lililokaa kando ya uji wa mtoto. Akavua pete ya ndoa. Akapaka uso, shingo na mikono. Akajifuta kwa taulo la nyumbani, kisha akambeba binti yake wa miaka miwili, shavu kwa shavu.

Lakini huu ulikuwa mwezi wa pili mtoto hana raha. Alikataa kula. Akiguswa analia. Viganja na nyayo zake zilikuwa nyekundu, na ngozi ilikuwa ikibanduka. Juma hilo aliacha hata kutembea. Alikaa sakafuni, mikono ikitetemeka.

"Ni meno hayo," alisema jirani. Wakampa dawa ya minyoo. Wapi! Baba yake, fundi baiskeli, alifunga kazi mapema kila siku aje amtazame. Mng'aro alisuka nywele huku sikio liko chumba cha pili. Hata soga na wateja zikamshinda.

Jumamosi akaja wifi yake, dada wa fundi. Alifanya kazi katika maabara ya hospitali, na hakuna siku aliyoingia nyumba hiyo akatoka bila kuona kasoro. Mng'aro akajikaza.

Wifi alimshika mtoto viganja, akavitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mama usoni.

"Wifi, unapaka nini?"

"Ah! Leo na wewe umekumbuka urembo?"

"Sitanii. Lete hilo kopo."

Kopo halikuwa na jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo. Lilikuwa na onyo dogo tu. Wifi akalisoma kwa sauti: "Isiguse dhahabu wala fedha."

"Hilo nalijua," Mng'aro akasema. "Ndiyo maana navua pete. Isije ikaharibika."

"Pete umeilinda. Na mtoto?"

Mng'aro akahamaki. "Mwanangu sijawahi kumpaka! Hata tone! Wewe kila siku unanitafuta ubaya!"

Mtoto akaanza kulia. Fundi, aliyekuwa amerudi kutoka kazini, akamnyanyua. "Mke wangu," alisema taratibu, "msikilize kwanza."

Wifi akaketi sakafuni, sauti ikashuka. "Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, madini yanayokula dhahabu na fedha; huenda ndiyo sababu ya onyo hilo. Ni sumu. Haiozi kama ganda la ndizi. Ukiipaka leo, inabaki kwenye ngozi, kwenye taulo, kwenye mto. Inaweza kutoa mvuke usioonekana. Inadhuru figo na mishipa ya fahamu, na mtoto ndiye huumia upesi. Sijui kama hii inayo. Macho hayapimi sumu. Lakini naweza kuuliza. Unapaka mara ngapi kwa siku?"

"Mara mbili."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Ukimaliza unanawa mikono?"

"Najifuta."

"Kwa taulo lipi?"

Mng'aro akalionyesha, na mkono wake ukabaki hewani. Taulo hilo ndilo alilomfungia mtoto kila akimwogesha.

"Na analala wapi?"

"Kwangu," alijibu kwa sauti ndogo. "Kwenye mto wangu."

Wifi akainuka. "Vaa viatu. Twende hospitali."

Walipimwa mkojo, mama na mtoto. Majibu yalichukua siku nne. Mng'aro hakufungua saluni, hakupaka krimu, hakula cha maana. Siku ya tano daktari akawaita. Zebaki ya mtoto ilikuwa juu. Ya mama ilikuwa juu zaidi.

"Figo za mtoto bado ni nzima," daktari alisema. "Tutampa dawa. Lakini dawa haitasaidia kitu kama sumu bado iko nyumbani."

Nje ya mlango Mng'aro akalia waziwazi. "Nimemuumiza kwa mikono yangu mwenyewe."

"Hukujua," wifi akamwambia, akimshika bega. "Sasa umejua. Kosa litaanza ukirudia."

Nyumbani, fundi alikusanya makopo yote, hata kumi na manane ya kuuza, akatafuta kiberiti.

"Kaka, acha!" wifi akapaza sauti. "Ukichoma, mvuke tutauvuta sote. Wala usitupe chooni, itaingia kwenye maji."

Makopo, taulo na foronya vikatiwa kwenye mifuko ya plastiki, vikafungwa mara mbili, vikapelekwa ofisi ya afya. Walisafisha jokofu, meza na sakafu kwa matambara, na matambara nayo yakafungwa vivyo hivyo, yakapelekwa huko huko.

Juma la tatu mtoto aliomba uji. Mwezi wa tatu alisimama na kupiga hatua nne. Fundi alipiga ukelele, wateja wakadhani mwizi kaingia.

Wateja wenyewe walikuwa wamepungua. Mng'aro aliwaita mmoja mmoja wote aliowauzia, akawaeleza. Wengine walikwenda kupimwa. Wengine walisema ana wivu, hataki wapendeze, wakahamia saluni ya ng'ambo ya barabara.

Mmoja alirudi, mimba ya miezi saba, uso umekunjamana. "Nilikuwa nimebakiza kidogo tu nifike rangi ninayoitaka. Nipe kopo langu. Uso ni wangu."

"Uso ni wako," Mng'aro akajibu. "Lakini krimu haiishii usoni, mwenzangu. Inaingia mwilini, na humo mwilini hauko peke yako."

Mwanamke akafungua mdomo kujibu. Mkono wake ulishuka wenyewe tumboni.

"Hospitali yenyewe," aliuliza mwisho, "wanapima siku gani?"

Mng'aro akazima kikausha nywele, akachukua funguo.

"Leo. Nakusindikiza."