Uji wa Mama Mkwe

Usingizi huchelewa, mwili ukishawasili,
Nafasi huchukuliwa, na kinywa kisichojali.

Jua lilikuwa linazama niliposhuka ngazi kwenda kununua unga laini wa uji. Kwa saa za mwili wangu, kulikuwa kunakucha. Tangu ndege initeremshe katika mji ule wa mbali, mchana nilisinzia mezani, shavu karibu na sahani. Giza likiingia, macho yalikuwa kodo kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Mwili umefika, shoga," mwenyeji wangu alinitania. "Usingizi bado uko njiani. Labda watu wa forodha wameuzuia."

Nilimwita Kijiko tangu tulipokuwa wasichana wa bweni. Alipoteza kijiko chake muhula wa kwanza, tukala kwa changu hadi tulipomaliza shule. Hatukuoneana kinyaa. Sasa alikuwa amekonda, macho yamedidimia, anamuuguza mama wa mumewe katika chumba cha nyuma. Mume mwenyewe, dereva wa malori, alikuwa safarini. Aghalabu alikuwa safarini.

Muuza duka aliupima unga bila haraka.

"Wa yule bibi wa ghorofa ya juu?"

"Ndiyo."

"Bado anakula?"

"Anamaliza bakuli."

Alinitazama midomo, si macho. "Na nani anaonja siku hizi?"

Nikacheka. Nani aonje uji wa mgonjwa? Yeye hakucheka. Unga hakunipa mkononi. Aliusukuma juu ya kaunta kwa ncha ya kalamu.

Uji ulipoiva, Kijiko alikwishatandika kitanda chake.

"Nihurumie, mwenzangu. Wewe huna usingizi, mimi nakufa nao. Mlishe mama, nijinyooshe kidogo tu."

"Hujalala tangu lini?"

"Tangu nianze kumlisha."

"Ulianza lini?"

"Shoga, uji unapoa."

Alijiegemeza ukutani, bakuli likagonga sahani. Niliona wazi kwamba asipolala, nitamzika yeye kabla ya mkwewe. Nikalipokea bakuli.

Chumba cha nyuma kilinuka maziwa yaliyoganda na kitambaa cha jikoni kisichowahi kukauka. Na chini ya hayo, kitu kitamu... kitamu kupita kiasi. Mama mkwe alikuwa ameegemezwa mito, macho yamefumbwa. Pembeni mwa midomo yake ukoko wa uji ulikuwa umejipanga tabaka juu ya tabaka, wa kijivu, umeota vinyweleo vya ukungu. Ulimi ulichomoza. Ukapapasa hewa. Ukarudi.

Kazi yangu ni kulea watoto wachanga kituoni, na mkono wangu una mazoea yake: kila kijiko hupitia kwanza mdomoni mwangu, kupima moto, ndipo kiende kwa mtoto. Nilimlisha kijiko cha kwanza bila kuonja, nikijizuia kutazama. Nikachota tena... Na kabla sijafikiri, nilikuwa nimekigusisha mdomoni.

Kilikuwa na utelezi.

Mama mkwe akafumbua macho. Nilimpa uji, akaupokea, akafumba kinywa. Koo lake halikucheza.

Langu lilicheza.

Nilimeza. Kinywani mwangu hamkuwa na kitu, lakini uji ule ulishuka kooni, vuguvugu, umeshatafunwa, umeborogwa na mate yasiyo yangu. Ndani yake mlikuwa na unywele. Niliusikia ukinikwaruza kaakaa, ukiteremka taratibu, mrefu... mrefu... hauishi.

Nilitaka kulitua bakuli. Mkono ukachota tena.

"Kijiko!" Sauti ilinitoka imejaa mate.

Alikuja akaegemea mlango.

"Umeonja?"

"Ulijua!"

"Hukuwahi kunipa kitu bila kukipima kwanza," alinong'ona. "Hata chai ya bweni. Nani mwingine ningemwita?"

"Huyu hamezi, hapumui! Amekufa lini?"

"Sijui. Nilimkuta akilishwa na wifi yangu. Akaniomba nimshikie bakuli, ajinyooshe kidogo tu."

"Na wifi yako yuko wapi?"

"Amelala."

Hakusema wapi. Nikameza tena. Safari hii kilichopita kilikuwa kigumu, chenye pembe, kama jino. Uji ulinichuruzika kidevuni.

"Mimi je? Nitalala lini?"

"Akipatikana mwingine wa kuonja." Akajaribu kutabasamu. "Na wewe hata huna usingizi, shoga."

Alinyoosha mkono akanipangusa kidevu, kwa upole wa zamani. Kisha akakitazama kiganja chake. Akakunja uso. Akakipangusa ukutani, mara mbili, mpaka rangi ikabanduka.

Alikwenda chumbani kwake. Nilizisikia springi za kitanda zikilia, kisha mkoromo, mzito, wa mtu anayefidia usingizi wa miaka. Mama mkwe naye alifumba macho. Kinywa tu ndicho alichokiacha wazi, kikisubiri. Nilijaribu kuketi. Magoti hayakukunjika. Niliinamisha bakuli niumwage uji sakafuni. Ulining'inia ukingoni kama kamasi, ukarudi ndani.

Wawili wale wamelala. Aliyebaki amesimama, kijiko mkononi, ni mimi.