Sola Kwenye Kivuli cha Mnazi

Alhamisi, tarehe 12 Februari 2026. Asubuhi hiyo Kinondo, pwani ya kusini ya Kenya, ilikuwa na joto tangu alfajiri. Upepo wa kaskazi ulivuma kidogo tu, na mbingu haikuwa na hata wingu moja.

Bi Mishi alimaliza kuswali, akakunja mswala wake, akaenda jikoni. Alisema Bismillahi, kisha akafungua friji. Taa ya ndani haikuwaka. Alitia mkono kwenye rafu, akashika kichupa kidogo cha dawa. Hakikuwa baridi. Kilikuwa na uvuguvugu, kama yai lililotolewa chini ya kuku.

Dawa hiyo ilikuwa insulini ya mumewe, Mzee Mwinyihaji, ambaye alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila siku alijidunga sindano. Muuguzi wa hospitali ya Msambweni alikuwa amewaeleza vizuri. Kichupa kinachotumika huweza kukaa nje kwa muda, mahali pasipo joto kali. Lakini vichupa vya akiba sharti vikae kwenye ubaridi, bila kuganda. Vikipata joto, dawa hupoteza nguvu, na mgonjwa huendelea kujidunga akidhani anajitibu.

Nguzo za stima zilikuwa hazijafika upande wao. Ndiyo sababu waliweka sola. Mwanzoni friji ilifika asubuhi ikiwa baridi. Kisha, wiki baada ya wiki, ilianza kuzima mapema. Sasa ilizima kabla ya kucha, na Bi Mishi alikuwa akiamka na hofu moyoni.

Alimpelekea mumewe muhogo wa kuchemsha na chai isiyo na sukari. Mzee aliusoma uso wake.

"Imezima tena," mzee alisema. "Mishi, mnazi ule ukatwe. Nimemwita Shutu aje na shoka."

Bi Mishi aligeuka upande wa dirisha. Mnazi ulikuwa nyuma ya nyumba, upande wa magharibi, mrefu, makuti yake yameinamia paa na kuitia sola kivuli. Alipozaliwa binti yao Ikram, walikizika kitovu chake pale, wakapanda mnazi juu yake, kama walivyofanya wazee wao. Homa ilimchukua Ikram kabla hajang'oka jino la kwanza. Mnazi ukabaki. Kila Ijumaa Bi Mishi alifagia shina lake na kusoma Fatiha.

"Ikram yuko kwa Mola wake," mzee alisema kwa upole. "Hayumo ndani ya mti."

"Najua."

"Basi usilie."

"Silii. Ni moshi tu."

"Moshi gani, nawe siku hizi wapikia gesi?"

Bi Mishi alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya leso.

Shutu, mkwezi wa nazi, alikuja na shoka begani. Aliuzunguka mnazi, akaupapasa, kisha akakaa chini.

"Mzee, nimekata minazi mingi, lakini mnazi wa kitovu mkono wangu unauogopa," alisema. "Kule Galu, kwenye hoteli ninakoangua nazi, walitaka kukata minazi kwa ajili ya sola hizi hizi. Fundi mmoja, binti aitwaye Faith, akawakataza. Mwiteni atazame kwanza."

"Huyo binti ana dawa ya vivuli?" mzee aliuliza.

"Ana macho, mzee. Shoka langu halina haraka. Likishakata ndiyo basi, halirudishi."

Faith alifika baada ya adhuhuri, kwa pikipiki. Alikuwa mzaliwa wa Mkongani, amesomea umeme wa jua, na alikuwa na leseni ya kazi hiyo. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Bi Mishi alidhani fundi atapanda juu ya paa mara moja. Faith hakupanda. Alikaa, akaanza kuuliza wanatumia nini na kwa muda gani. Bi Mishi alimtajia friji, taa, redio na simu. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba Ijumaa hupiga pasi kanzu za mzee.

"Hapo kuna jambo," Faith alisema. "Kitu chochote kinachotoa joto hula umeme kwa pupa. Pasi, birika, hata koili ya kuchemshia maji. Pasi moja yaweza kumaliza umeme ambao friji ingeutumia usiku mzima. Kanzu za mzee zipigwe kwa pasi ya mkaa."

"Umesikia?" mzee alimwambia mkewe. "Unadhifu wangu ndio ulionizimia friji."

Faith aliuliza vifaa viko wapi. Bi Mishi alimpeleka sebuleni, akamwonyesha kigoda kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua mekundu ukingoni. Alikuwa amekifuma mwenyewe. Kila chombo cha thamani katika nyumba ile kilivishwa kitambaa.

"Hii ndiyo inveta," Bi Mishi alisema. "Nimeivika isishike vumbi."

Faith alikiinua kitambaa taratibu, akakikunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama, umeivika kama bibi harusi. Lakini iguse. Ina moto. Paneli hukusanya umeme wa jua. Betri huutunza kwa ajili ya usiku. Inveta huugeuza uwe umeme unaofaa friji. Kazi hiyo huipa joto, nayo hupumua kupitia matundu haya. Ukiyaziba, hujizima ili isiungue."

Aliipima betri kwa kifaa chake. Akawaeleza kwamba ilikuwa imedhoofika kwa sababu haikuwa ikijaa. Betri isiyojaa mchana, na ikatumiwa mpaka mwisho kila usiku, huzeeka kabla ya wakati. Hata hivyo yao ilikuwa bado hai. Mzee aliuliza kama siku ya mawingu paneli hulala. Faith akamjibu kwamba hazilali, ila hutoa kidogo. Siku hizo watu watumie kilicho cha lazima tu, na hapo cha lazima kilikuwa friji.

Kisha wakatoka nje. Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi, na kivuli cha makuti kilikuwa kimetambaa juu ya paneli mbili, kikicheza na upepo.

"Mnakiona kile kivuli chembamba pale pembeni?" Faith aliuliza. "Mnaweza kukidharau. Lakini paneli hizi zimefungwa kwa mstari mmoja. Ni kama mpira wa maji. Ukiukanyaga mahali pamoja, maji hupungua mpaka mwisho."

Mzee alishusha pumzi. "Basi nilisema kweli. Mnazi ukatwe."

"Hapana, mzee. Mnazi ulikuwa hapa kwanza. Upande wa mashariki wa paa hauna kivuli hata kidogo. Kwetu huku jua hupita juu ya kichwa, kwa hiyo ule upande ungefaa kabisa. Kwa nini fundi wenu alizifunga huku?"

Shutu alianza kulitazama shoka lake kana kwamba hajaliona tangu azaliwe.

"Ni mimi niliyemwambia," Bi Mishi alisema mwishowe. "Upande ule unatazama barabara. Na unatazama kwa Nusaiba. Yule jirani kila jioni husimama mbele ya nyumba yangu, akaitazama, kisha akaenda zake bila kusema. Mwanangu, jicho la mtu si jambo la mchezo."

"Siwezi kubishana nawe juu ya kijicho, mama. Kwetu Mkongani pia wanakiogopa," Faith alisema. "Ninalolijua ni hili. Hapa mlizificha watu wasizione, na jua nalo halizioni."

"Na wezi je?" mzee aliuliza. "Mimi usiku huwa nasoma Ayatul Kursi."

"Endelea kusoma, mzee. Nami nitaweka bolti ambazo hazifunguki kwa spana ya kawaida. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya bahari hula misumari hapa kwenu."

Mzee Mwinyihaji alimshika mkewe mkono.

"Mishi, lile la kuficha nilikukubalia, na leo pia nitakubali utakalosema. Lakini huwezi kuwa na yote mawili. Ama watu wazione sola zetu, ama tuukate mti wa mtoto."

Bi Mishi aligeuka kuutazama mnazi. Hapo wakasikia hodi. Alikuwa Nusaiba mwenyewe, akihema kama mtu aliyetoka mbio.

"Nimesikia Shutu amekuja na shoka," Nusaiba alisema. "Bi Mishi, nakuombeni msiukate mnazi wa Ikram. Tulikuwa tukicheza kibe mimi naye, na mimi nikijificha nyuma ya mnazi huo."

Bi Mishi alimtazama. Alikumbuka watoto wawili wadogo wenye vumbi miguuni. Mmoja alikuwa sasa mwanamke mzima mbele yake, wa umri ule ambao Ikram angekuwa nao.

"Nusaiba," alisema polepole, "kila jioni unasimama mbele ya nyumba yangu. Unatazama nini?"

Nusaiba aliinamisha kichwa. Akaeleza kwamba mama yake naye alikuwa akidungwa insulini tangu mwaka uliopita. Hawakuwa na friji. Dawa waliiweka ndani ya mtungi uliozungukwa na mchanga uliolowa maji. Majira ya kusi mtungi uliweza, lakini joto hili la kaskazi lilikuwa limeushinda.

"Niliona friji ikiingia kwenu," alisema. "Kila jioni naja niombe nafasi ya vichupa vyake. Nikifika hapo mbele ulimi unakuwa mzito. Naogopa kuonekana ombaomba."

Bi Mishi aliketi kwenye kizingiti. "Astaghfirullah," alinong'ona. Kisha akamgeukia fundi.

"Faith, mwanangu, zihamishe. Ziweke upande wa barabara."

Jumamosi Faith alirudi na mwenzake. Walizifunga paneli upande wa mashariki, wakaacha nafasi kati ya paneli na mabati ili upepo upite. Matundu ya bolti za zamani paani waliyaziba ili mvua isiingie. Betri na inveta waliziweka kwenye rafu ya ukutani, mbali na jua, mahali penye hewa. Bi Mishi aliuliza kama betri ingewekwa chumbani wanakolala. Faith akamwambia isiwekwe huko kamwe, maana betri huweza kutoa gesi mbaya au kushika moto. Alimwonyesha kwenye inveta taa ndogo ya kijani na nyekundu, akamfundisha kuisoma. Paneli zioshwe asubuhi zikiwa baridi, kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi na kitambaa laini, na anayepanda awe fundi, si mzee. Mwisho aliwapa karatasi ya dhamana yenye jina lake, akawaambia fundi asiyetaka kuandika jina lake wasimpe kazi.

Vile vichupa vilivyopata joto Bi Mishi alivirudisha kliniki, naye akapewa vingine.

Wiki iliyofuata alikuwa akiamka na kwenda moja kwa moja jikoni. Taa ya friji iliwaka leo, ikawaka kesho, ikawaka keshokutwa. Asubuhi moja alitoa kichupa, akakiweka shavuni. Kilikuwa baridi. Alisimama hapo akimshukuru Mungu mpaka mzee akauliza kulikoni chai haiji.

Siku hiyo Faith alikuja kuipima betri, akakuta inajaa kabla ya alasiri. Shutu alikuja kuangua madafu ya mnazi wa Ikram. Bi Mishi akamtuma aende akamwite Nusaiba na mama yake. Mama alikuja taratibu, ameegemea bega la binti yake, na mkononi amekumbatia kifurushi kidogo cha vichupa vipya kutoka kliniki, kilichofungwa kwa leso.

Wote walisimama jikoni. Bi Mishi alikipokea kifurushi, akavipanga vichupa kwenye rafu, kando ya vile vya mumewe. Alitaka kufunga mlango wa friji.

"Ngoja," Mzee Mwinyihaji alisema. "Lile uliloniambia jana usiku, liseme mbele ya watu, lipate mashahidi."

Bi Mishi aliona haya kidogo. Alimshika mama yake Nusaiba mkono, akainua uso.

"Mbele ya Mwenyezi Mungu, na mbele yenu nyote," alisema, "naahidi kwamba dawa ya mama huyu itakaa hapa pamoja na ya mume wangu. Mlango huu hautafungwa kwake, usiku wala mchana, tukiwa tunapatana au tumekosana. Na mgonjwa yeyote wa Kinondo asiye na friji asione haya kuja kwangu. Apige hodi, nami nitamfungulia."