Viatu vya Dévote

Jumapili ile, ndugu zangu, nyumba ya Claude huko Carama ilikuwa imetulia. Samaki wa mukeke walikuwa wakikaangwa, redio inaimba kwaya, na Bella, dada yake Claude, alikuwa amekuja kula baada ya misa. Bella ni mwigizaji, na mjini wengi humwita kwa majina ya wahusika wake. Alipoingia jikoni kumsalimu wifi yake Dévote, alimkuta ameketi, mimba imeshajitokeza, miguu iliyovimba ameitumbukiza katika beseni la maji ya chumvi.

Dévote alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Kinindo, na msimamizi wake alikuwa Claude, mume wake mwenyewe. Kanuni ya hoteli ilitaka wanawake wavae sketi ya kubana na viatu vya mchuchumio hadi zamu iishe. Wanaume walivaa viatu vya kawaida, wala hakuna aliyewauliza kitu.

"Kaka, muache avae sandali," Bella alisema mezani. "Si we ndo gérant, msimamizi wake?"

"Apana. Nikimuachia muke wangu, bengine batasema namupendelea. Bakubwa banapenda banamuke bapendeze wageni."

"Na miguu yake?"

"Sheria ni sheria. We rudi kwa michezo yako."

Bella alirudi kweli. Alizunguka na kikundi chake cha maigizo sokoni na nje ya ofisi, akidai mwanamke apimwe kwa kazi yake, si kwa urefu wa kisigino. Wengine walimpigia makofi, wengine wakamwita mhuni. Wewe unayesoma, ungekuwa upande gani? Usijibu haraka.

Kisha siku moja Bella akaitwa hospitalini. Dévote alikuwa ameteleza kwenye ngazi za hoteli, sinia mkononi. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Tangu hapo mke na mume hawakusemezana ila kuhusu chumvi na sabuni. Bella aliumia, akamwomba wifi yake ruhusa ya kuigiza yaliyompata. Dévote akaitikia, akampa na viatu vile.

Katika michezo ya kikundi kile, mtazamaji anaweza kuusimamisha mchezo, akashika nafasi ya mhusika na kuonyesha yeye angefanyaje. Siku hiyo, uwanjani Carama, Bella alikuwa anazikaribia ngazi, sinia mkononi, aliposikia sauti: "Simamisha!"

Alikuwa Claude. Alimgusa bega kijana aliyeigiza msimamizi, akasimama mahali pake.

"Dévote, vua viatu," alimwambia Bella. "Mutu akiuliza, aje kwangu."

Bella alisahau mchezo, akalia machozi ya kweli. Nyuma ya watu, Dévote mwenyewe alisimama.

"Kumbe uliweza kusema," alisema. "Ni maneno madogo hivi?"

Akakaza kitenge chake kiunoni, akaenda zake kwa mama yake.

Kesho yake Claude aliwaomba wenye hoteli waifute kanuni ile. Walikubali kabla chai haijapoa. Kumbe hakuna aliyekuwa amewahi kuwaomba.

Mafunzo

Mwanamke huajiriwa kwa kazi yake, haajiriwi kwa miguu yake. Kanuni inayomwumiza isisubiri msiba ndipo ifutwe. Nawe uliyepewa ukubwa, usijifiche nyuma ya sheria ukiogopa midomo ya watu. Majuto ni mjukuu. Neno la huruma lisemwe mtu angali amesimama.