Nywele Ndani ya Mpini

Adhuhuri ile mji wa Palembang ulikuwa unatokota. Hata bata wa jirani walikuwa wamejibanza chini ya nyumba, kwenye kivuli cha nguzo zilizoiinua kando ya mto. Rogaya alikuwa barazani akikanda samaki na unga kwa ajili ya vitafunio vya pempek, jasho likimchuruzika, alipomwona Mang Tohir, mchuuzi wa vitu vya kale, akipanda ngazi huku amevaa sweta. Sweta zito la mikono mirefu, na bado amejikumbatia.

"Unahamia Ulaya, Mang?" Rogaya akamtania. "Au kuna cha watu umekificha humo?"

"Baridi tu, dada. Mumeo yupo?"

Angekuwa wapi? Mumewe, Kemas Jamhur, alishinda kwenye pembe ya baraza hilo hilo akichonga mipini ya majambia. Mji mzima ukipata mpini usiojulikana ulikotoka, ulimletea yeye. Kichwa cha ndege, atakwambia huo ni wa Wabugi. Umenyooka na una nyuso mbili ndogo, huo wa Java. Sifa zilikuwa zimemlevya kidogo, na mkewe alilijua hilo, maana ndiye aliyezisikia tena kila usiku kitandani.

Tohir akatoa mpini mweusi. Ulikuwa mtu mdogo aliyechuchumaa, mabega yamepanda, mikono ameifunga tumboni kwa nguvu. Wachongaji humwita Mwenye Homa. Wako wengi mjini, na hakuna anayewaogopa.

"Niambie wa wapi huu, kaka."

Jamhur akaugeuza, akachungulia tundu unamoingia mkia wa chuma cha jambia. Nje mtu yeyote anaweza kupaka mafuta akakudanganya. Ukweli wa mpini uko tunduni. Humo mlikuwa mmesokotwa nywele, kama kawaida, ili chuma kisicheze. Akazivuta kwa kulabu, akazitupa mtoni.

Tohir akakohoa. Akashika koo.

"Umepaliwa na nini, na hata chai hujanywa?" Rogaya akamuuliza. Tohir akahema bila kupata pumzi. Macho yalikuwa yamemtoka.

Jamhur hata hakumwangalia. Alikuwa amechukua jambia lake ili aone mpini unavyokaa mkononi. Ulikuwa unacheza. Akanyoosha mkono dirishani, kwenye chanuo la binti yao Hasnah, akachomoa nywele na kuzungushia chuma. Ndivyo wafanyavyo wote: nywele za nyumbani, bila kuuliza. Mpini ukakaza.

Tohir akavuta pumzi ndefu.

"Wa hapa hapa," Jamhur akasema. "Mkono wa zamani sana. Niachie niutazame vizuri."

"Kaa nao!" Tohir akasema haraka mno. Kabla hajafika ngazi ya mwisho alikuwa ameshavua sweta.

Jioni ile Hasnah akaanguka na homa.

Daktari akamchoma sindano, akaondoka akitikisa kichwa. Msichana alijikumbatia, magoti yamegusa kidevu, na mama yake hakuweza kuibandua mikono ile. Asubuhi Rogaya akifagia baraza, akautupia macho mpini. Jana mikono ya yule mtu ilikuwa imebana tumbo. Sasa kidole kingepita katikati.

"Ni jua linakudanganya," Jamhur akasema. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayejisifu.

Kesho yake mikono ya yule mtu wa mpini ilikuwa magotini. Mabega yameshuka. Mwenye Homa alikuwa amepumzika.

Na Hasnah alipumua kama mtu aliyebebeshwa gunia.

"Mama," akanong'ona, "mwambie ashuke."

"Nani?"

"Huyu aliyechuchumaa."

Jamhur akakimbilia barazani, akazing'oa nywele tunduni. Ndani, Hasnah akanyamaza. Midomo ikawa ya bluu. Rogaya akapiga yowe, Jamhur akazirudisha nywele zile, na pumzi ikarudi, nyembamba.

Ndipo Rogaya akakumbuka Tohir alivyoshika koo nywele zilipotupwa mtoni.

Hakumweleza mumewe mengi. Alikaanga pempek, akamtuma jirani amwite mchuuzi: njoo, mpini wako umetambulika.

Tohir akaja amefungua vifungo vya shati, mashavu yamejaa.

"Umenona, Mang! Ila mvi hizo, utapata wapi mke wa pili? Egemea nikung'olee."

"Dada, wewe ni mchokozi," akacheka, akaegemea, kinywa kimejaa. Nani anayekataa kung'olewa mvi?

Rogaya akang'oa. Akang'oa tena. Mkono wake mwingine ulipita nyuma ya pazia la mlangoni, ambako kiganja cha Jamhur kilikuwa kinangoja. Alikuwa akimsikia Hasnah akipumua huko ndani.

Kisha hakumsikia.

Akaendelea kung'oa. Akaendelea kutabasamu. Nyuma ya pazia chuma kilikwaruza mbao. Kilikwama. Kikakwaruza tena.

"Mama?" Hasnah akaita. Sauti safi, ya mtu anayeamka.

Tohir akaacha kutafuna.

"Dada," akasema polepole, "sweta langu liko wapi?"

"Leo hukuja nalo."

Akatazama pazia. Jamhur akatoka, akamkabidhi mpini. Tohir akashuka ngazi, akaenda zake katikati ya jua kali, amejikumbatia.

Hasnah alikula pempek akamaliza sahani. Rogaya akatoa godoro la pamba nje lipigwe na jua. Pale kilipokuwa kifua cha mwanawe palikuwa na mashimo mawili ya visigino, madogo kama ya mtoto. Akalipiga godoro kwa fimbo mpaka pamba ikavimba, akaliacha hadi alasiri.

Aliporudi, mashimo yalikuwepo bado. Akatumbukiza kiganja katika moja, akakitoa haraka. Ndani palikuwa baridi kama kwenye sanduku la barafu la wauza samaki. Na shimo lilikuwa bado linazama, taratibu, kama chini ya mtu aliyechuchumaa.