Hodi Ghorofa ya Nne

Mahali walipohamia, watu hawapigi hodi. Anayetaka kuja kwako hupiga simu siku kadhaa kabla, kisha hubonyeza kengele na kusimama mbali na mlango kama mwenye deni. Mama Chiriku alidhani ameshalizoea hilo. Lakini mazoea ya miezi hayafuti mazoea ya maisha. Asubuhi ile mikono yake ilikuwa ndani ya maji ya sabuni, akiosha vyombo, aliposikia nje ya mlango sauti ya mtu mzima ikisema, "Hodi hapa," kwa Kiswahili kilichonyooka. Hakufikiri. Mdomo ulimtangulia.

"Karibu. Pita ndani."

Ndipo akakumbuka kwamba jengo zima halikuwa na mtu wa kusema Kiswahili ila yeye na binti yake, na binti alikuwa shule.

Akajifuta mikono, akaenda kutazama. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha mtu mwembamba kupenya kwa ubavu. Nje hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu tu, harufu ya vumbi lililonyeshewa na mvua ya kwanza, ile ya nyumbani, ambayo mvua za nchi hii hazikuwa nayo hata zikinyesha wiki nzima. Maskini ya Mungu, akasimama pale akiivuta mpaka machozi yakamlenga. Kisha akafunga mlango, akarudi kwenye vyombo vyake.

Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na kila mwezi alilala barabarani zaidi ya kitandani. Yeye mwenyewe alifua na kukunja mashuka katika hoteli moja, bado akiwa kwenye muda wa majaribio. Kibali chake cha kuishi pale kilishikamana na kazi hiyo. Ikikatika, yeye na mtoto watarudishwa, mume abaki. Ila kilichomuuma kuliko baridi na mashuka ni mtoto. Walimpa jina la Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Tangu wahamie, alikuwa hasemi lugha ya shule wala ya mama yake. Alikula, akalala, akatazama dirisha.

Kwa hiyo jioni ile, aliposikia Chiriku anapiga soga chumbani, mama alifurahi kabla hajaogopa. Alisimama nje ya chumba na kapu la nguo kiunoni, akasikiliza. Mtoto alikuwa akisema, ananyamaza, kisha anacheka mahali pa kucheka, kama mtu anayejibiwa.

"Unaongea na nani, mwanangu?" akauliza.

"Na mgeni."

"Mgeni gani?"

Chiriku alimtazama kama aliyeulizwa jambo la wazi. "Si wewe uliyemwambia apite?"

Kapu lilimponyoka. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote habari ya asubuhi.

Baada ya hapo ikawa kiti. Walikuwa wamenunua meza kuukuu iliyokuja na viti vinne, na wao walikuwa watatu. Kile cha nne mama alikisukuma chini ya meza, na kila alipogeukia jiko akasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Akigeuka, kimevutwa nje. Akikigusa, kina joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Alipompigia mumewe, mume alicheka. Akamkumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi huyo apewe choo akisugue. Mama Chiriku akacheka naye ili asiulizwe zaidi, kisha akampigia shangazi yake. Huyo ndiye aliyemlea, na kutibu wenye majini ilikuwa kazi yake tangu ujanani. Shangazi hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, kama kile kitu kiliingia chenyewe au kilikaribishwa. Akaambiwa kilikaribishwa.

"Kumfukuza huwezi," akasema. "Kinywa chako ndicho kilichompa nyumba. Ila bado ni mgeni. Usimpikie, usimsemeshe. Na kazi, mwanangu, usimpe hata ya kuokota sindano. Mgeni asiyejaliwa huchoka akaaga. Akishashika jembe si mgeni tena, ni mwenye nyumba."

Mama akamkalisha Chiriku kitandani, akamfundisha sheria. Mtu akipiga hodi, usiitikie.

"Hata akiwa na sauti yako?"

"Hata akiwa na sauti yangu. Mimi nina ufunguo, sina haja ya kupiga hodi."

Wakaanza kuvumilia. Kiti kilikwaruza, hakuna aliyegeuka. Chiriku alitikisa kichwa alipoitwa kutoka kabatini, akauma midomo, akalia bila sauti, maana yule ndiye rafiki pekee aliyempata. Lakini ile harufu ya mvua, iliyobaki ndani tangu siku ile, ikaanza kupungua. Ikafika asubuhi kiti kimekaa pale kilipoachwa, na mama akajiruhusu kuimba akipika.

Mchana mmoja shule ikampigia aje amchukue mtoto, ana homa. Akamleta nyumbani, akamlaza, na zamu yake ilikuwa karibu kuanza. Akampigia msimamizi wake, mwanamke asiyepandisha sauti, naye akampa pole ya kweli, kisha akasema kwamba wiki iliyopita pia alikosa, na asipofika leo asijisumbue kuja kesho. Mama akagonga kwa jirani wa mbele. Alisikia televisheni ikipunguzwa, nyayo zikija hadi mlangoni, zikasimama. Mlango haukufunguliwa.

Aliporudi chumbani, mtoto alikuwa amelala, paji la uso likichoma, na kile kiti cha nne kilichokuwa jikoni sasa kilikuwa kando ya kitanda, kimeelekezwa kwa mtoto, na ile harufu ya vumbi na mvua ilikuwa imejaa chumba kizima kama vile haikuwahi kuondoka hata siku moja, na mama akasimama kati ya mlango na kitanda, koti mwilini, ufunguo mkononi, akiwaza kibali, akiwaza mume, akiwaza ndege ya kurudi, mpaka kinywa kile kile kikamtangulia tena.

"Basi wewe unayekaa tu," alinong'ona, "nishikie mtoto mpaka nirudi."

Shuka la mtoto likajivuta taratibu hadi kidevuni, likakunjwa pembeni, sawasawa na anavyokunja yeye hotelini.

Akaenda kazini. Alikunja mashuka matatu tu, kisha akakumbuka lile lililojikunja lenyewe nyumbani. Akaacha kila kitu, akatoka mbio, akampigia shangazi njiani huku akihema.

"Nimempa kazi, shangazi."

"Kazi gani?"

"Ya kumlea Chiriku."

Shangazi, ambaye Mama Chiriku hakuwahi kumsikia akilia hata msibani, alianza kulia. "Umempa kazi yako," akasema.

Alipanda ngazi mbili mbili hadi ghorofa ya nne. Ufunguo ulizunguka vizuri, mlango ukafunguka upana wa kidole, ukakwama. Ulikuwa umefungwa kwa mnyororo wa ndani, ule wa juu ambao Chiriku hakuufikia hata akipanda kiti. Kwenye ule upenyo ilitoka harufu ya mvua ya kwanza, na sauti ya mtoto mzima wa afya, akipiga soga kama zamani, bila kituo.

"Chiriku! Ni mimi, mama. Hodi, mwanangu. Hodi."

Soga ikakoma.

"Mama," mtoto akasema kule ndani, sauti ikielekea jikoni, si mlangoni. "Kuna mtu anapiga hodi. Ana sauti yako."

Jibu lilitoka jikoni, pamoja na mlio wa vyombo ndani ya maji. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na uchovu wake wa jioni ndani yake.

"Usiitikie, mwanangu. Mimi nina ufunguo, sina haja ya kupiga hodi."

Ndala zikaja zikiburuta sakafuni, ndala alizoziacha chini ya kitanda, na mlango ukasukumwa polepole, kwa adabu, mpaka ukafungika.

Akapiga hodi tena.