Ngazi za Kituo cha Dolna Lipa

Kituo cha polisi cha Dolna Lipa hakikuwa na ngazi hata moja. Mlangoni penyewe palisawazishwa zamani, Sajini Penko asije akajikwaa, maana tumbo lake lilimfichia miguu. Kwa hiyo Mkuu mpya wa kituo, Zdravka Belcheva, aliposikia mtu akishuka ngazi nyuma ya ukuta wa ofisi yake, ko, ko, ko, alicheka. Kisha akaweka sikio ukutani.

“Penko, nani yuko juu?”

“Juu kuna vigae na njiwa, Afande.”

“Na chini?”

“Chini kuna Bulgaria.”

Zdravka alitumwa kukisafisha kituo kile. Alikomesha hongo ya chupa za rakia, pombe kali ya matunda, kutoka kwa madereva, akabandika mlangoni kanuni kumi za maadili. Likabaki jalada moja: Velin, fundi bomba, aliyefia mahabusu enzi za mkuu aliyepita. “Aliteleza ngazini,” ilisema ripoti, na askari watano walisaini. Makao makuu yalitaka saini ya Zdravka kabla ya saa sita mchana. Asipotia, kituo kinafungwa, watu tisa wanarudi nyumbani.

“Ngazi zipi, Penko?” alinong'ona.

“Mkuu wa zamani alinakili ripoti ya kituo kingine. Kule kuna ngazi.” Penko alifuta jasho. “Sisi tulisaini tu.”

“Alikufaje?”

Penko akaitazama mikono yake mikubwa, akaificha mfukoni.

Siku hiyo ilikuwa ya arobaini tangu Velin afe. Mama yake Velin, Bibi Ginka, aliingia na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, akabandika tangazo la kifo, picha na yote, juu ya kanuni za maadili.

“Kuleni, wanangu, mumwombee.”

Hakuna aliyenyoosha mkono.

“Basi atakuja kula mwenyewe,” alisema, akaliacha bakuli.

Saa sita kasorobo Zdravka alijifungia ofisini na jalada. Aliwafikiria wale tisa, akafikiria na cheo chake, akashika kalamu, na hapo ko, ko, ko ikaanza tena, safari hii ikipanda, polepole, kama mtu mwenye viatu vilivyojaa maji, na harufu ya chokaa mbichi ikachanganyika na ya sukari iliyoungua, na kwa kila herufi ya jina lake aliyoiandika hatua ilisogea moja, mpaka alipomaliza herufi ya mwisho hatua zikakoma nyuma ya kiti chake kabisa, na mtu akapumua.

Saa sita ilipopita bila kuitikiwa, Penko alivunja mlango. Ofisi tupu. Ukutani palikuwa na uwazi mweusi, na ngazi zikishuka kusikoonekana mwisho; kwenye ya kwanza, punje za ngano na kiatu kimoja cha Zdravka.

Simu ikalia. Makao makuu. “Mkuu wenu yuko wapi?”

Penko alijaribu kutunga uongo, kama alivyozoea. Haukuja.

“Ameteleza ngazini,” akasema, akalia, kwa sababu safari hii ilikuwa kweli.