Pombe ya Ndizi Ndani ya Friza

Katika mtaa mmoja wa Kibondo, Valeria alijulikana kwa vitu viwili: barafu za rozela, zile nyekundu za kufyonza, na pombe ya ndizi. Barafu alizigandisha kwenye friza yake. Pombe aliitengeneza kama mama yake alivyomfundisha. Alikamua ndizi mbivu kwa nyasi, akachanganya juisi na unga wa mtama uliokaangwa, kisha akaifunika mpaka ichachuke.

Juma hilo mikono yake haikutulia. Jumamosi wakwe wangefika kutoka Kasulu kupanga tarehe ya harusi ya binti yake, Divine. Hii ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza walikutana Kasulu, na pombe ya huko ilikuwa kali mno. Wazee walisinzia vitini kabla tarehe haijatajwa.

Lakini hilo Valeria hakulikumbuka. Alichokumbuka ni maneno ya Immakulata, shangazi wa bwana harusi.

"Huu ndio mtungi!" Immakulata alikuwa amesema siku ile, akiupigapiga mtungi wao wa Kasulu. "Ile pombe yenu ya Kibondo, Mama Divine, si ya kunyweshea ndama?"

Watu walicheka. Valeria naye alicheka, lakini moyoni hakucheka.

Alhamisi jioni aliweka ndoo ya pombe ndani ya friza ili ipoe, akaisahau. Kulipokucha aliikuta nusu yake imekuwa barafu. Akaonja ile iliyobaki majimaji. Koo likawaka moto!

"Ehee!" akasema peke yake. "Sasa Immakulata na aje."

Kutwa nzima ya Ijumaa aligandisha ndoo nyingine. Kila ilipoganda nusu, alimimina majimaji makali mtungini. Barafu aliikusanya kwenye mabeseni, ili baadaye aimwage bustanini.

Alasiri mumewe, Longinus, alirudi kutoka shambani.

"Mama Divine, nipe kopo langu, kiu inaniua."

Valeria akamjazia kopo lake la kila siku kutoka mtungi huo. Longinus akalimaliza, akajifuta midomo, akaenda kumfunga mbuzi. Haukupita muda mrefu, sauti yake ikasikika nyuma ya nyumba.

"Karibu, mkwe! Mbona umesimama? Kaa kitini, tafadhali!"

Divine alikimbia kuchungulia. Baba yake alikuwa akimkaribisha mbuzi. Mbuzi alipokataa kukaa, Longinus alikaa yeye, akamkumbatia shingoni, akaanza kukoroma.

Divine alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akarudi haraka kwa mama yake.

"Mama, baba amekunywa kopo moja tu. Kesho wazee watavuta kwa mirija toka mchana hadi jioni. Itakuwaje?"

"Baba yako hajala tangu asubuhi," Valeria akajibu. Lakini moyo wake ulishtuka.

Wakati huo jirani yao, Mwalimu Mudathiri, alikuwa mlangoni. Alikuwa mwenyeji wa Tanga, akifundisha sayansi katika shule ya sekondari. Kila siku baada ya kazi alinunua barafu ya rozela. Aliposikia habari ya Longinus, hakucheka kwanza. Alikwenda kumtazama.

"Tumlaze ubavu," alisema. "Asiachwe peke yake. Mtu aliyelewa akiitwa asiitike, au akipumua kwa shida, ni wa kupelekwa hospitali mara moja. Baba Divine! Unanisikia?"

"Nakusikia, mkwe," Longinus akajibu, macho ameyafumba.

"Huyu ni mzima," Mwalimu akasema. Sasa akacheka.

Valeria akamweleza kazi yake ya friza. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Pombe hiyo ni hatari, Mama Divine."

"Wewe Mwalimu hata kuonja hujawahi. Utaijuaje?"

"Pombe sinywi, lakini barafu zako nazijua sana." Akafyonza ile aliyonunua, akaiinua juu. "Tazama. Ilikuwa nyekundu. Sasa nimefyonza rangi na sukari. Kimebaki nini?"

"Maji tu yaliyoganda. Meupe."

"Ndivyo ilivyo pombe yako. Maji huganda mapema. Kileo hakigandi upesi, hubaki kwenye majimaji. Ukitoa barafu, umetoa maji. Kileo chote kimekusanyika mahali padogo. Kopo moja sasa linabeba kileo cha makopo mawili au zaidi."

"Lakini friza si inaisafisha?"

"Haisafishi kitu. Kama kuna uchafu au sumu, navyo hubaki humo humo, tena vikiwa vingi zaidi katika kila kopo. Na mtungi wa mirija hauna kipimo. Mzee huvuta kwa mazoea yake ya siku zote. Atajuaje kwamba leo ni kali? Wengine wanatumia dawa za shinikizo la damu. Na dereva je?"

Valeria akatazama mtungi. "Kazi yangu yote niimwage?"

"Barafu iko wapi?"

"Kwenye mabeseni. Sijaitupa."

"Basi irudishe yote mtungini. Ikiyeyuka, koroga. Itakuwa pombe ile ile ya mwanzo."

"Na Immakulata atanicheka tena!"

"Mwache acheke, Mama," Divine akasema. "Mradi awe macho mpaka tarehe itajwe."

Valeria akamtazama binti yake, kisha akainua beseni la kwanza.

Jumamosi wakwe walifika. Valeria aliwapa chakula kwanza. Dereva na wasiokunywa pombe aliwapa juisi ya ndizi iliyotoka kwenye friza. Longinus naye akaomba juisi. "Mimi na mbuzi tumekubaliana," alisema.

Immakulata akavuta mrija wake, watu wakamwangalia.

"Bado ni ya ndama!" akatangaza.

Kicheko kikajaa uani. Safari hii Valeria alicheka kwa moyo wote. Immakulata akavuta tena, na tena, huku mazungumzo yakiendelea. Hakuna mzee aliyesinzia. Hakuna aliyegombana. Kabla jua halijapungua ukali, tarehe ilikuwa imetajwa na pande zote mbili zimepiga makofi. Divine akajificha uso kwa kitenge, lakini tabasamu lake lilionekana. Immakulata mwenyewe akainuka kucheza, akaitikisa ardhi mpaka kuku wakakimbia.

Wageni walipoondoka, kila mmoja alitembea kwa miguu yake hadi garini. Gari lilipoanza kwenda, Immakulata akatoa kichwa dirishani.

"Mama Divine! Siku ya harusi ulete hiyo hiyo ya ndama! Nataka nicheze mpaka mwisho!"